Paskali mbili: jinsi kompyuta inavyoiga hewa na joto ndani ya kikaushio cha jua

Kikaushio cha jua kisicho na feni huendeshwa na nguvu ndogo mno. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 ina uzito wa kilo 1.165 hivi, ikipashwa hadi nyuzi 60, uzito huo hushuka hadi kilo 1.06. Tofauti ni gramu 105. Izidishe kwa mvutano wa dunia, yaani 9.81, kisha kwa kimo cha mita 2 kutoka tundu la kuingizia hewa hadi mdomo wa dohani, utapata mgandamizo wa paskali 2 tu. Ni sawa na mgandamizo wa maji yenye kina cha moja ya tano ya milimita. Kwa nguvu hiyo hewa inatakiwa ipite kwenye kikusanya joto (mwanya kati ya kioo na bati jeusi linalopigwa na jua), ipenye trei zilizojaa vipande vya chakula, ipande dohani na kutoka nje.

Anayetaka kuiga kikaushio cha namna hii kwa kompyuta aiweke namba hiyo mbele yake tangu mwanzo, maana kila uamuzi unaofuata hupimwa nayo. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao mtu huuhisi kwa shida usoni, una mgandamizo wa paskali 2.3. Wavu wa kuzuia wadudu, kona ya ghafla, dohani jembamba: kila kimoja kinaweza kula nusu ya nguvu yote iliyopo. Ndiyo maana uigaji wa vikaushio hutoa picha zenye rangi za kuvutia ambazo mara nyingi haziendani na kinachotokea kwenye trei. Programu imehesabu sawasawa, ila imepewa mashine nyingine ihesabu.

Kinachohesabiwa

Programu huigawa nafasi yote yenye hewa katika seli ndogo, kuanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni. Katika kila seli huweka mizania: hewa inayoingia ilingane na inayotoka, kasi ibadilike kulingana na mgandamizo, mnato na uzito wa hewa, joto linaloingia na kutoka lijulikane lilikokwenda. Hiyo ndiyo milinganyo ya Navier–Stokes pamoja na mlinganyo wa joto. Mlinganyo wa nne, wa mvuke wa maji, hauwashwi wenyewe. Ni lazima mtumiaji auongeze, na wengi hawauongezi.

Ugumu wa kikaushio cha mvuto wa asili, yaani kisicho na feni, ni kwamba milinganyo hii imefungamana pande zote. Joto ndilo linalosukuma hewa, na hewa ndiyo inayobeba joto. Hewa ikienda taratibu, hukaa muda mrefu juu ya bati jeusi na kupata moto zaidi. Ikipata moto zaidi, huvutwa kwa nguvu zaidi, kasi huongezeka, kisha joto hushuka tena. Kompyuta hurudia hesabu maelfu ya mara mpaka pande hizo zipatane.

Programu ya OpenFOAM hupatikana bure na ina kila kinachohitajika kwa kazi hii, pamoja na ParaView ya kuchora matokeo. Fluent na COMSOL hulipiwa, lakini ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Chaguo la programu lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Uzito uko kwenye unachoiambia.

Kalamu na karatasi kwanza

Usifungue programu kabla ya kufanya hesabu ya mkono. Tuchukue kilo 10 za vipande vya matunda vyenye maji asilimia 85, vinavyotakiwa kufika asilimia 15. Sehemu kavu ni kilo 1.5, kwa hiyo mwishoni vitakuwa na kilo 1.76, na maji ya kuondoa ni kilo 8.24. Kila kilo ya maji huhitaji takriban megajuli 2.4 ili igeuke mvuke. Jumla ni karibu megajuli 20.

Sasa hewa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 60 hubeba gramu 16 za mvuke katika kila kilo. Ikipashwa hadi nyuzi 60 bila kuongezewa maji, unyevunyevu wake hushuka hadi asilimia 13 na inakuwa na kiu kali. Ikipita kwenye trei na kupoa hadi nyuzi 40, huwa imechukua gramu 8.5 za maji kwa kila kilo, na unyevunyevu umepanda hadi asilimia 52. Kwa hiyo kilo 8.24 za maji zinahitaji karibu kilo 970 za hewa. Ukiwa na saa 16 za jua katika siku mbili, hiyo ni gramu 17 za hewa kwa sekunde, na kuipasha kwa nyuzi 30 kunataka wati 520 hivi. Jua likiwa wastani wa wati 700 kwa mita ya mraba na kikusanya joto kikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 40, unahitaji eneo la mita za mraba 1.9.

Tuseme basi kikusanya joto kina urefu wa mita 1.9, upana wa mita 1 na mwanya wa sentimita 5 kati ya kioo na bati. Hewa ndani yake itakwenda kwa mita 0.3 kwa sekunde. Katika chumba cha kukaushia chenye eneo la nusu mita ya mraba itapanda kwa sentimita 3 tu kwa sekunde. Uigaji ukikuonyesha mita 1 kwa sekunde kati ya trei za kikaushio kisicho na feni, tafuta kosa kabla hujachapisha picha.

Namba hizi zina faida ya pili: zinakuwezesha kupanga bajeti ya mgandamizo. Zile paskali 2 zilidhani hewa ina nyuzi 60 kuanzia chini hadi juu, na haiko hivyo. Ndani ya kikusanya joto wastani ni nyuzi 45, kati ya trei ni 50, na kwenye dohani ni 40, kwa sababu maji ya chakula yameshaipoza. Kikusanya joto kikiinuka sentimita 60, trei zikichukua sentimita 60 na dohani sentimita 80, nguvu halisi ni karibu paskali 1.1. Nusu imeondoka kabla hatujaanza.

Sasa tazama dohani. La kipenyo cha milimita 150 linailazimisha hewa kwenda kwa mita 0.85 kwa sekunde, na kwa kuingia na kutoka peke yake hupoteza karibu paskali 0.6. La milimita 250 hupoteza 0.08. Hasara hubadilika kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo sentimita chache za bati hufanya kazi kubwa kuliko mita nzima ya kurefusha dohani. Kupanua ni bora kuliko kurefusha, isipokuwa dohani lenyewe linapashwa na jua hadi hewa iliyomo ipate moto upya.

Umbo na gridi

Chora nafasi ya hewa pamoja na kuta, kioo na bati. Usichore kila kipande cha chakula. Trei zitashughulikiwa kwa njia nyingine. Sehemu ndogo kama misumari na bawaba ziondolewe, lakini wavu wa wadudu usiondolewe, kwa sababu hula mgandamizo.

Katika mwanya wa sentimita 5 weka angalau seli 15 hadi 20 kutoka bati hadi kioo, zilizobanana zaidi karibu na kuta, ambako joto hubadilika ghafla. Kila tabaka la trei lipate seli nne au tano kwenye unene wake. Chumbani kwingine seli za milimita 12 zinatosha. Kwa vipimo vyetu jumla hufika karibu seli laki saba, mzigo ambao kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 huubeba bila shida.

Gridi moja, yaani mgawanyo mmoja wa seli, haithibitishi kitu. Rudia hesabu kwa gridi tatu, mfano seli laki 3, laki 7 na milioni 1.6, ili ukubwa wa seli upungue kwa uwiano wa takriban 1.3 kila hatua. Linganisha kiasi cha hewa inayopita na joto la wastani juu ya kila trei. Kati ya gridi ya pili na ya tatu, hewa ikibadilika chini ya asilimia 3 na joto chini ya nyuzi 1, tumia ya pili. Kuna jaribu la kukata umbo katikati na kuhesabu nusu yake kwa kuwa pande zinafanana. Hewa moto inayopanda haina adabu hiyo. Mara nyingi hulalia upande mmoja ama mwingine hata umbo likiwa sawa. Hesabu umbo zima kwanza kwa gridi pana, uone kama hewa yenyewe inafuata ulinganifu, ndipo ukate.

Mipaka, mahali pa makosa mengi

Kosa linaloonekana sana ni kuweka kasi ya hewa kwenye tundu la kuingilia, tuseme mita 0.5 kwa sekunde, kisha kuiachia programu. Katika kikaushio cha mvuto wa asili, kasi hiyo ndiyo jibu linalotafutwa. Ukiitoa wewe, programu itakachofanya ni kuieneza tu. Weka mgandamizo wa nje kwenye tundu la kuingilia na kwenye mdomo wa dohani, na uache kasi ijitafutie.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Hewa ya nje nayo ina uzito, na mgandamizo wake hupungua kadiri unavyopanda: karibu paskali 23 kwa mita 2. Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya nguvu tunayoitafuta. Programu hukwepa tatizo kwa kuutoa uzito huo katika hesabu, lakini ni lazima ijue uzito wa hewa ya nje ni upi. Katika Fluent unaiandikia wewe mwenyewe thamani ya uzito wa rejea, kwa hali ya nje, mfano 1.165. Ukiiacha programu ijichagulie wastani wa ndani, hewa inaweza kusimama au hata kushuka kupitia dohani. OpenFOAM hutumia mgandamizo uliotolewa uzito, unaoandikwa p_rgh. Hapo pia hakikisha thamani za tundu la chini na la juu zinarejea hewa ileile ya nje. Jaribio la haraka: zima jua, weka kila kitu kwenye nyuzi 30, uendeshe. Hewa ikitembea, mipaka yako ina kasoro.

Mpaka usiwekwe palepale kwenye tundu. Ongeza sanduku la hewa mbele ya mlango na juu ya dohani, ili hewa ijiunde yenyewe inapoingia. Ukitaka kujua athari za upepo, hakuna njia ya mkato: weka kikaushio kizima ndani ya sanduku kubwa la hewa, lenye nafasi ya mara kadhaa ya kimo chake kila upande, na upepo uje kutoka pande tofauti. Utaona upande mmoja upepo unasaidia kunyonya dohani, na upande mwingine unarudisha hewa chini. Kofia ya dohani hubuniwa kwa matokeo hayo.

Uhusiano kati ya uzito wa hewa na joto nao unataka uamuzi. Njia ya Boussinesq huuchukulia kuwa mstari ulionyooka, na inafaa joto linapotofautiana kidogo. Kutoka nyuzi 30 hadi 60 uzito hubadilika kwa karibu asilimia 10, na kando ya bati zaidi ya hapo. Tumia kanuni ya gesi kamili. Gharama yake kwa kompyuta ni ndogo.

Jua, kioo na anga

Wati 700 za jua haziingii zote. Kioo hupitisha asilimia 85 hadi 90, bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa hufyonza asilimia 90 hadi 95 ya kinacholifikia. Kisha bati lenye nyuzi 75 au zaidi huanza kurudisha joto kwa mionzi yake, kwa mguso wa hewa, na kupitia kioo kwenda nje. Hapo kioo na plastiki hutofautiana: kioo huzuia mionzi ya joto, ila polithini ya kawaida huiachia kiasi kikubwa. Uigaji unaotumia sifa za kioo kwa kikaushio cha polithini utatoa joto lisilokuwepo.

Nje ya kioo weka upotevu kwa upepo na kwa anga. Kwa upepo, kanuni ya siku nyingi ni 5.7 kujumlisha 3.8 mara kasi, kwa hiyo mita 2 kwa sekunde hutoa wati 13.3 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Kwa anga, usitumie joto la hewa. Anga safi huonekana baridi kuliko hewa. Kwa kanuni ya Swinbank, hewa ya nyuzi 30 huenda na anga ya nyuzi 18 hivi.

Baada ya hesabu, piga mizania ya nishati. Katika mfano wetu wati 1,330 hupiga kikusanya joto. Karibu 240 hupotea kwa kuakisiwa na kioo na bati, 570 hupotea juu kupitia kioo, na 520 huingia kwenye hewa. Uigaji ukikupa ufanisi wa asilimia 75, karibu hakika kioo kimeachwa kama ukuta usiopitisha joto, hali ambayo ndiyo chaguo la awali katika programu nyingi.

Mkondo tulivu au wa vurugu

Desturi ya kuwasha modeli ya k-epsiloni, inayochukulia kuwa hewa yote ina vurugu, bila kufikiri inastahili kuachwa. Hewa ya mita 0.3 kwa sekunde katika mwanya wa sentimita 5 ina namba ya Reynolds (kipimo cha mkondo kuwa tulivu au wa vurugu) ya karibu 1,650, chini ya 2,300 ambako vurugu huanza kwenye mifereji. Ukilazimisha vurugu, programu itachanganya hewa kuliko ilivyo, bati litapoa kwa uwongo na ufanisi utapanda kwa uwongo. Lakini ndani ya chumba kikubwa, ambako hewa moto hupanda kwa uhuru, namba ya Rayleigh, kipimo cha nguvu ya joto kuinua hewa, hufika bilioni moja na hewa huanza kuvurugika. Mashine moja ina hali mbili.

Njia ya busara ni kuendesha hesabu mara mbili: moja ya mkondo tulivu na moja ya k-omega SST, modeli nyingine ya vurugu, yenye seli nyembamba kwenye kuta, bila kanuni za kufidia ukuta. Majibu yakikaribiana, umetulia. Yakitofautiana, vipimo halisi ndivyo vitakavyoamua.

Trei na maji yaliyomo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ndipo panapostahili muda mwingi kuliko gridi na jua kwa pamoja.

Trei yenye vipande huchukuliwa kama tabaka lenye vitundu linalopinga hewa. Upinzani wake hufuata sehemu mbili: moja inayokua sambamba na kasi, nyingine inayokua kwa kasi mara kasi. Namba zake hupimwa, hazikisiwi. Tengeneza mrija wa mbao wenye upana wa trei, weka feni upande mmoja, panga trei zilizojaa, na upime tofauti ya mgandamizo kabla na baada kwa kasi tano au sita. Kipimo cha kawaida hakioni moja ya kumi ya paskali, kwa hiyo panga trei tano au zaidi kwa pamoja kisha ugawanye, na uhakikishe una vipimo vya kasi ndogo. Ukipima kwa mita 1 kwa sekunde pekee, sehemu ya pili itaficha ya kwanza, na ya kwanza ndiyo inayotawala kwenye kikaushio.

Tuseme trei ya unene wa sentimita 2 imetoa 4 kwa sehemu ya kwanza na 6 kwa ya pili, paskali zikipimwa dhidi ya mita kwa sekunde. Upenyevu wake ni mnato wa hewa (0.000019) mara unene, gawanya kwa 4: jibu ni 9.5 × 10⁻⁸ mita za mraba. OpenFOAM na Fluent huulizia kinyume chake, yaani 1.05 × 10⁷. Sehemu ya pili ni 2 mara 6, gawanya kwa uzito wa hewa na unene: karibu 545 kwa mita. Kwa kasi ya sentimita 3 kwa sekunde, kila trei hula paskali 0.125, na tano hula 0.63. Kumbuka tulikuwa na 1.1. Ukijumlisha dohani pana, mlango na msuguano wa kikusanya joto unafika 0.87, na kikaushio kinafanya kazi. Ukiweka dohani la milimita 150, jumla hupita 1.3, basi hewa itapungua, joto litapanda, na trei za juu zitabaki na maji.

Kisha maji yenyewe. Kikaushio kitupu na kilichojaa ni mashine mbili tofauti. Katika mfano wetu theluthi mbili ya joto lote, karibu wati 343 kwa wastani, humezwa na maji yanayogeuka mvuke. Uigaji bila mzigo utaonyesha nyuzi 60 kwenye trei zote na dohani lenye mvuto mkali. Uhalisia ni nyuzi 60 chini, 40 juu, na mvuto nusu yake. Ongeza katika tabaka la kila trei chanzo cha mvuke na, palepale, pengo la joto, yaani joto linalomezwa na maji hayo, linalolingana nacho. Kwa trei tano zenye ujazo wa jumla wa mita za ujazo 0.05, pengo hilo ni wastani wa wati 6,900 kwa mita ya ujazo, kubwa zaidi saa za mwanzo na dogo mwishoni. Mvuke nao hubadilisha uzito wa hewa. Ni mwepesi kuliko hewa kavu, na kwa dohani la mfano huu huongeza mvuto kwa karibu sehemu moja ya saba.

Kasi ya kukauka hutolewa kwa mlinganyo wa tabaka jembamba, mara nyingi wa Page: uwiano wa maji yaliyobaki ni e kwa kipeo cha hasi k mara muda uliopandishwa kwa n. Namba k na n hutoka kwenye majaribio ya chakula hichohicho, unene huohuo. Hatari yake ni kuchukua namba zilizopatikana kwa hewa kavu ya nyuzi 60 na kuzitumia kwenye trei ya juu yenye nyuzi 40 na unyevunyevu wa asilimia 52. Trei hiyo itakauka haraka kwenye skrini peke yake. Fanya k itegemee joto na unyevunyevu wa mahali husika, kisha tafuta seli yoyote yenye unyevunyevu unaozidi asilimia 100. Ikiwepo, chanzo chako cha mvuke kimevuka uwezo wa hewa.

Kuna kipimo kingine rahisi cha ukweli. Chakula kibichi kisichopigwa na jua moja kwa moja, kikiwa kwenye hewa ya nyuzi 60 ya mfano huu, hubaki na uso wa karibu nyuzi 31 mwanzoni, kwa sababu maji yanayotoka hukipoza. Modeli inayoonyesha vipande vina nyuzi 58 katika saa ya kwanza haijayaona maji.

Baadaye hali hugeuka. Uso ukishakauka, kinachochelewesha ni maji kusafiri kutoka ndani ya kipande, na muda huo hufuata unene mara unene. Kipande cha milimita 10 huchukua karibu mara nne ya cha milimita 5. Katika hatua hiyo kuongeza kasi ya hewa hakusaidii, na joto kali linaweza kuufanya uso uwe mgumu huku katikati pamebaki maji. Kisu kikali kinachokata vipande vyembamba wakati mwingine hutatua tatizo ambalo watu hulitafutia feni.

Muda

Siku nzima haiigwi sekunde kwa sekunde. Kwa seli za sentimita 1 na kasi ya mita 0.3, hatua ya muda ni sekunde 0.03 hivi, na saa nane za jua zinahitaji hatua laki tisa na zaidi. Badala yake chagua nyakati tano, mfano saa tatu asubuhi, saa nne na nusu, saa sita, saa nane na saa kumi, uhesabu hali tulivu ya kila wakati kwa jua lake na maji yaliyobaki, halafu uunganishe kwa mlinganyo wa kukauka. Kikaushio chenye mawe ya kuhifadhi joto hakikubali njia hii, kwa kuwa mawe hukumbuka saa zilizopita.

Wakati mwingine hesabu ya hali tulivu haitulii, joto linayumba kwenda na kurudi. Huenda hewa yenyewe inayumba. Hamia hesabu ya muda kwa dakika chache na uchukue wastani. Pia usiridhike na mabaki ya hesabu (kiasi ambacho milinganyo bado haijasawazika) kushuka chini ya 0.001. Hewa iliyoingia na iliyotoka zilingane ndani ya asilimia 1, na joto la kila trei lisimame kwa mamia ya marudio. Mwishoni tumia ukadiriaji wa daraja la pili, unaokadiria kwa usahihi zaidi mabadiliko kati ya seli na seli. Wa daraja la kwanza hupaka joto kama linavyoenea lenyewe, na trei zikionekana zimepashwa sawa kote, huenda usawa huo ni wa hesabu.

Kuhakiki na kurekebisha

Weka themokapo (vihisio vya joto) tatu kwa kila trei, mbele, katikati na nyuma, zikikingwa na jua kwa kipande cha karatasi ya fedha, la sivyo zitapima mionzi badala ya hewa. Aina ya K hukosea hadi nyuzi 2.2, aina ya T nyuzi 1, kwa hiyo usijisifu kwa ulinganifu wa nusu nyuzi. Jua lipimwe kwenye mwinamo wa kioo chenyewe. Kasi ndogo kama hizi hazipimwi kwa kipimo cha upepo chenye mapanga, kwani mapanga hayazunguki. Tumia cha waya moto, na upime ndani ya dohani ambako kasi ni kubwa zaidi. Pima uzito wa kila trei kila saa. Mizani ya jikoni husema ukweli mwingi kuliko vihisio vingi, sababu trei ndiyo inayojumlisha makosa yote.

Picha utakayoipata kwa kawaida huonyesha hewa moto ikiingia chini upande mmoja, ikilalia ukuta wa nyuma na kukimbilia dohani, huku kona ya mbele hewa ikizunguka palepale. Acha sentimita 15 hadi 20 za nafasi tupu chini ya trei ya kwanza, ziba mianya kati ya trei na kuta, au zipange kwa kupishana, moja ikiacha upenyo mbele na inayofuata nyuma, ili hewa ipite juu ya vipande badala ya kuvikwepa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na uhesabu upya jumla ya hewa kila mara. Kizuizi kinachosawazisha trei huku kikipunguza hewa kwa theluthi moja kimeleta hasara.

Ukiongeza feni, bajeti hubadilika kabisa, kwani hata feni ndogo hutoa makumi ya paskali. Kwenye uigaji weka mchoro wake wa mgandamizo dhidi ya kiasi cha hewa, usiweke kasi moja isiyobadilika, na uangalie upande mwingine wa shilingi: hewa ikiongezeka mara mbili kwa jua lilelile, itatoka kwenye kikusanya joto ikiwa na nyuzi 45 au 48 badala ya 60, na unyevunyevu wake utakuwa asilimia 23 hadi 27 badala ya 13. Kwa saa za mwanzo hiyo ni faida. Kwa saa za mwisho, maji yaliyobaki yakiwa ndani ya vipande, punguza feni.